Nani hasa alishinda Kentucky Derby ya 2019?

Mkazi wa Louisville (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Katika uzi mwingine wa jukwaa hili, uliohusu matumizi ya video kwa waamuzi wa mpira wa miguu, mmoja wetu aligusia kwa mstari mmoja kwamba mwaka 2019 Wamarekani walimpokonya farasi ushindi wake mchana kweupe, wakampa farasi ambaye karibu hakuna aliyekuwa na habari naye. Nilianza kumjibu pale pale, nikaona jibu linaizidi mada kwa urefu, ndipo nikaamua kufungua uzi. Ninaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, mji ambamo mbio hizo hufanyika na ambao siku hizi una Waswahili wengi, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo. Msimamo wangu nautanguliza ili msihangaike kuutafuta: uamuzi wa kumshusha farasi yule ulikuwa sahihi, lakini njia iliyotumika kuufikia na namna ulivyotangazwa vilikuwa vibaya, na mabishano mengi yanatokana na watu kuyachanganya mambo hayo mawili.

Kwa wasiozijua, Kentucky Derby ni mbio za farasi wa umri wa miaka mitatu peke yake, wa ile nasaba ya mbio iliyozalishwa Uingereza kwa kupandisha majike ya huko na madume ya Mashariki. Zimekuwapo tangu 1875, kwa kawaida Jumamosi ya kwanza ya Mei, katika uwanja wa Churchill Downs. Umbali wake ni maili moja na robo, yaani zaidi kidogo ya mita 2,000, na farasi wasiozidi 20 huachiwa kwa pamoja, idadi ambayo ni kubwa mno kwa mbio za Marekani. Kwa kuwa mwakani farasi atakuwa ametimiza miaka minne, kila mmoja hupata nafasi hiyo mara moja tu maishani. Hilo liwekeni akilini, maana ndilo linalofanya watu walie machozi ya kweli kwa jambo linalochukua dakika mbili.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 4 Mei 2019, na hayo yalikuwa mashindano ya 145. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope jepesi linaloruka hadi usoni mwa wapanda farasi. Omaha Beach, aliyetarajiwa na wengi, alikuwa ameondolewa siku chache kabla kwa sababu ya koo, na baada ya mwingine kuondolewa pia, wakabaki 19. Uwanjani walikuwapo watu zaidi ya 150,000. Mimi sikuwa miongoni mwao, kwa sababu bei za tiketi siku hiyo si za watu wa mshahara wa saa. Nilikuwa katika saluni ya kinyozi mmoja, mzaliwa wa Uvira, kusini mwa jiji, pamoja na watu kama tisa na televisheni iliyotundikwa juu ya kioo. Mmoja wetu alikuwa na tiketi ya dola 20 aliyoikata asubuhi kwa farasi namba 7, Maximum Security, na alikuwa ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika picha ambayo haijakauka.

Maximum Security alikuwa na hadithi ambayo mtu yeyote aliyeanzia chini angeipenda. Mbio zake za kwanza kabisa, Desemba 2018 huko Florida, zilikuwa za daraja la farasi wanaouzwa: ukilipa dola 16,000 kabla ya kuanza, farasi ni wako. Hakuna aliyelipa. Alishinda hizo, akashinda nyingine, akashinda Florida Derby, akafika Louisville akiwa hajafungwa hata mara moja. Wamiliki wake walikuwa Gary na Mary West, mkufunzi wake Jason Servis, na aliyempanda ni Luis Saez kutoka Panama.

Milango ilipofunguliwa alichukua uongozi na hakuuachia. Walipokuwa wanaikata kona ya mwisho, kabla ya kuingia sehemu iliyonyooka, ndipo likatokea jambo ambalo mimi na wenzangu wote pale saluni hatukuliona. Namba 7, aliyekuwa karibu na uzio wa ndani, alihama ghafla kwenda nje upana wa farasi kadhaa. Nyuma yake, ubavuni, alikuwa namba 1, War of Will, aliyepandwa na Tyler Gaffalione, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajitokeza kwa nguvu kutafuta nafasi. Ukiitazama picha ya mbele polepole, utaona mguu wa mbele wa War of Will ukiingia katikati ya miguu ya nyuma ya namba 7. Farasi wa aina hii ana uzito wa karibu kilo 500 na wakati huo anakwenda kilomita 60 kwa saa. Kwato zikigusana hapo anaanguka, na nyuma yake wanakuja wengine kumi na zaidi ambao hawana breki. Gaffalione alimvuta, farasi akainuka kidogo, akasalimika kwa namna ambayo hadi leo siielewi. Lakini msukumo ule ulihamia kwa namba 18, Long Range Toddy, na namba 21, Bodexpress, ambao wapandaji wao walilazimika kuwashika na kuwarudisha nyuma.

Namba 7 akajikaza, akavuka mstari mbele kwa urefu wa farasi mmoja na robo tatu. Wa pili alikuwa namba 20, Country House, ambaye uwiano wake wa kubeti ulikuwa 65 kwa 1. Pale saluni mwenye tiketi alishaanza kutuambia ataagiza nini cha kula. Saez alikuwa akihojiwa na televisheni akiwa bado juu ya farasi, akishukuru.

Kisha ubao ukawaka neno la pingamizi.

Lililofuata lilichukua dakika 22, na kinyozi wetu alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja. Mashine aliizima akaishika mkononi, mteja akageuza kiti akatazama juu, upande mmoja amenyolewa na upande mwingine bado, na wote wawili wakabaki hivyo hivyo mpaka mwisho. Namba 7 ilikuwa ikiwaka na kuzimika kwenye ubao. Televisheni ilirudia picha ile ya kona pengine mara thelathini, na kadiri ilivyorudiwa ndivyo saluni ilivyozidi kunyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu alianza kuona kile ambacho mwanzo hakukiona. Ilipozimika 7 na kuwaka 20 juu, mwenye tiketi hakusema neno. Aliyeweka dola 2 kwa Country House alilipwa dola 132 na senti 40, na ninaamini wapo waliokuwa wameshaitupa karatasi hiyo chini kwenye tope.

Sasa hoja yangu. Kanuni ya Kentucky inasema hivi kwa maana yake: farasi anayeongoza akiwa amewaacha wenzake ana haki ya kupita sehemu yoyote ya njia, lakini akiyumba au akipelekwa upande wowote akamzuia mwingine, hilo ni kosa, na waamuzi wakiona kosa hilo limebadili matokeo wanaweza kumshusha. Namba 7 hakuwa amemwacha War of Will. Alimkata. Waamuzi watatu walikubaliana bila mmoja kupinga, wakamweka nyuma ya Long Range Toddy, farasi wa chini kabisa miongoni mwa aliowasumbua, na kwa kuwa huyo alikuwa wa 17, aliyevuka wa kwanza akaandikwa wa 17. Hivyo ndivyo wanavyofanya Jumatano mchana katika mbio ambazo hazina mtazamaji. Bill Mott, mkufunzi wa Country House, alisema jambo la aina hiyo hata kabla uamuzi haujatoka, kwamba katika mbio za kawaida za katikati ya wiki mshindi wa namna hii angeshushwa.

Ninachowalaumu waamuzi ni kingine. Wao wana haki ya kuwasha taa ya uchunguzi wenyewe, bila kuombwa na mtu. Hawakuiwasha. Pingamizi lililetwa na wapanda farasi: Flavien Prat wa Country House, ambaye farasi wake hata hakuguswa kwa kiasi cha kutajwa katika uamuzi, na Jon Court wa Long Range Toddy. Gaffalione, aliyenusurika kuanguka, hakulalamika. Kwa maneno mengine, kama wale wawili wangenyamaza, kosa lililoweza kuua watu lingepita mbele ya macho ya waamuzi wa mbio kubwa kuliko zote nchini. Halafu mwamuzi mkuu, Barbara Borden, akaja mbele ya waandishi, akasoma taarifa fupi yenye namba za farasi, akaondoka bila kujibu swali hata moja. Watu 150,000 wamesimama kwenye mvua, mamilioni ya dola yamebadili mikono, na wanaambiwa saba, moja, kumi na nane, ishirini na moja, kwaherini.

Karibuni.

Kwato Kumi

Ndugu mleta uzi, nimesoma kwa makini na ninashukuru kwa maelezo, lakini umeruka sehemu moja ambayo ndiyo roho ya mjadala. Umenukuu mwenyewe kwamba kosa lazima liwe limebadili matokeo. Je, Long Range Toddy angeshinda? Alikuwa anarudi nyuma tayari. Bodexpress je? Hata War of Will, aliyesumbuliwa kuliko wote, alipata sehemu nzima iliyonyooka mbele yake na bado akamaliza wa nane, akipitwa na farasi waliokuwa nyuma yake. Aliyenufaika ni Country House, aliyekuwa upande wa nje na ambaye alipata nafasi ya kutosha kumpita namba 7 akashindwa.

Nchi nyingi zenye mbio kubwa zimeliona tatizo hili. Uingereza, Ireland, Australia na Hong Kong hufuata utaratibu kwamba farasi hushushwa pale tu ambapo waamuzi wanaridhika kuwa aliyezuiwa angemaliza mbele ya aliyemzuia. Japani ilihamia huko mwaka 2013, Ufaransa na Ujerumani zikafuata mwaka 2018. Kwa kanuni hiyo, Maximum Security angebaki mshindi, na Saez angeadhibiwa peke yake kwa uzembe. Marekani imebaki karibu peke yake na utaratibu wa kumwadhibu farasi, mwenye farasi na mwenye tiketi kwa pamoja. Mwenzenu wa saluni alibeti farasi aliyekuwa bora siku hiyo. Alikosea wapi?

Mkazi wa Louisville (mleta uzi)

Ndugu Kwato Kumi, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Ninakubali kwamba chini ya utaratibu wa Uingereza namba 7 angebaki na ushindi. Lakini waamuzi wa Louisville hawakuwa na ruhusa ya kuazima kanuni ya nchi nyingine kwa sababu siku ni kubwa. Kuhusu neno "matokeo", wao hawalisomi kama "nafasi ya kwanza" tu. Katika Derby ya mwaka ule malipo yaliwafikia farasi watano wa kwanza, kwa hiyo mwenye War of Will ana haki ya kuuliza farasi wake angemaliza wa ngapi kama asingelazimika kuvutwa kwenye kona, wakati ambapo farasi akikatishwa mwendo huupoteza na kuurudisha kunamgharimu pumzi ya mwendo uliobaki. Wewe unasema angekuwa wa nane hata hivyo. Mimi sijui, na wewe hujui, na hapo ndipo ninapoona udhaifu wa utaratibu unaoutetea: unamtaka mwamuzi apige ramli kuhusu mbio ambazo hazikukimbiwa, na kila shaka inamwendea aliyefanya kosa.

Kuhusu mwenye tiketi, nakubali hakukosea. Lakini na yule aliyekuwa ameshika tiketi ya namba 1 hakukosea.

Mtazamaji wa Ngong

Wakuu, mimi ni wa Nairobi, na Jumapili nyingi utanikuta kwenye uzio wa uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, karibu kiasi cha kurushiwa udongo. Naomba niongeze jambo ambalo televisheni haiwezi kuwaonyesha. Farasi wa miaka mitatu bado ni kijana. Nimewahi kumwona mmoja, akiongoza peke yake, akiruka kivuli cha nguzo kana kwamba ni mtaro. Anayeongoza ndiye mwenye matatizo zaidi, kwa sababu hana mwenzake mbele wa kumfuata, na kila kitu kipya yeye ndiye anakikuta kwanza. Masikio yanasimama, shingo inageuka, na kabla mpandaji hajakaza hatamu kiwiliwili kimeshahama. Luis Saez alieleza hivyo hivyo, kwamba farasi alishtushwa na kelele za umati ulio katikati ya uwanja, akampeleka nje, naye akamrudisha mara alipoweza. Ninamwamini. Ukitazama utaona mwenyewe anamrudisha ndani.

Lakini kumwamini hakubadili kitu. Kanuni aliyoieleza mleta uzi haiulizi kama ulikusudia. Huku kwetu ukigonga gari la mwenzako kwa sababu ng'ombe amekatiza barabara, ng'ombe utamlaumu sana, ila taa ya mwenzako imeshavunjika. Ninachoona si haki ni kwamba Saez alipewa adhabu ya siku 15 za kutopanda, juu ya kupoteza Derby. Wapanda farasi waliochunga maisha yao kwa sekunde ile ni Gaffalione na wenzake, kweli, lakini hata Saez hakuwa mhuni.

Kumbukumbu za Kale

Salaam. Kwa wanaodhani jambo hili halijawahi kutokea, nawapeleka Epsom, Uingereza, tarehe 4 Juni 1913. Wengi wanaikumbuka Derby ile kwa sababu ya Emily Davison, mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura, aliyeingia njiani akagongwa na Anmer, farasi wa mfalme, na kufariki siku nne baadaye. Wachache wanakumbuka kwamba siku hiyo hiyo farasi aliyetarajiwa zaidi, Craganour, alivuka wa kwanza kwa tofauti ndogo sana baada ya msukosuko mkubwa wa kugongana, akaondolewa, na ushindi akapewa Aboyeur, ambaye uwiano wake ulikuwa 100 kwa 1. Na angalieni tofauti, maana inaiunga mkono hoja ya mleta uzi: pale Epsom pingamizi lililetwa na waamuzi wenyewe. Watu walinong'ona kwamba kulikuwa na chuki binafsi dhidi ya mwenye farasi, Bower Ismay, ndugu wa yule Ismay wa kampuni ya meli ya Titanic, iliyokuwa imezama mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo mwamuzi akiwasha taa mwenyewe ataambiwa ana chuki, na asipoiwasha ataambiwa amelala.

Kwa Kentucky yenyewe, aliyevuka wa kwanza amepoteza Derby mara tatu. Mwaka 1968 Dancer's Image alikutwa na dawa ya maumivu, ushindi ukaenda kwa Forward Pass. Mwaka 2021 Medina Spirit alikutwa na dawa iliyokatazwa siku ya mbio, na Februari 2022 ushindi ukahamishiwa kwa Mandaloun, wakati Medina Spirit mwenyewe alikuwa ameshakufa. Hayo mawili ni ya maabara. Ya 2019 ndiyo pekee ambayo mshindi alishushwa siku ile ile kwa kosa la njiani, mbele ya macho ya watu, na nadhani ndiyo sababu inauma zaidi. Ya maabara mtu huyasoma gazetini akiwa ameshatulia.

Wakili wa Kibarazani

Naomba niguse upande wa mahakama kwa ufupi, kwa kuwa watu wengi mitandaoni husema familia ya West "ilinyimwa kusikilizwa". Walikata rufaa kwa tume ya mbio ya Kentucky, wakajibiwa kwamba uamuzi wa waamuzi kuhusu kosa lililotokea ndani ya mbio ni wa mwisho na hauna rufaa. Wakaenda mahakama ya shirikisho. Jaji aliitupilia mbali kesi Novemba 2019, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye Agosti 2020. Msingi wake, kwa lugha yetu, ni kwamba kushiriki mbio katika jimbo lile ni ruhusa unayopewa kwa masharti, na moja ya masharti ni kukubali neno la waamuzi. Zawadi ya mshindi haikuwa mali yao iliyochukuliwa. Haikuwahi kuwa mali yao.

Mimi naona mahakama zilifanya vizuri kukaa mbali. Hebu fikirini kila faulo ikiwa na wakili. Hata hivyo, pale ambapo neno la mtu ni la mwisho, wajibu wake wa kulieleza unakuwa mkubwa zaidi. Jaji wa kawaida hutoa hukumu ya kurasa kadhaa akijua kuna wa juu yake wa kuisahihisha. Waamuzi wale hawakuwa na wa juu yao, wakatoa aya moja. Hapo niko na mleta uzi kabisa.

Kwato Kumi

Nimejifunza mengi, na kuhusu mahakama sina ubishi. Ila kuna jambo nashangaa hakuna aliyeligusa. Machi 2020 mkufunzi Jason Servis alishtakiwa na serikali ya shirikisho kwa kuwapa farasi dawa za kuongeza nguvu. Desemba 2022 alikiri makosa, na Julai 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Maximum Security alikuwa ameshinda Saudi Cup ya kwanza mjini Riyadh mwishoni mwa Februari 2020, mbio zenye zawadi ya jumla ya dola milioni 20, siku chache tu kabla ya mashtaka. Zawadi ya mshindi ilizuiwa, na mwaka 2024 Wasaudi wakamwondoa rasmi na kumpa Midnight Bisou ushindi. Wapo wanaosema basi Louisville haki ilijitendea mapema. Mleta uzi, nawe unasema hivyo?

Mkazi wa Louisville (mleta uzi)

Hapana, sisemi hivyo, na nilikusudia kutolitaja kabisa ili lisituvurugie hesabu. Kosa lililomshusha Mei 2019 lilikuwa la kupita njia ya mwenzake. Waamuzi wale hawakujua lolote kuhusu yaliyokuwa yakifanyika zizini, na hawawezi kupewa sifa kwa jambo ambalo hawakuliamua. Ukimhukumu mtu kwa kuruka taa nyekundu, kisha baada ya mwaka ukagundua alikuwa mwizi, hukumu ya taa nyekundu haiongezeki usahihi wala haipungui. Ninachokubali ni kwamba hadithi ya farasi wa dola 16,000, ile iliyotufanya pale saluni tumpende, siwezi tena kuisimulia kwa moyo mmoja. Na farasi mwenyewe hakuchagua mkufunzi.

Upande wa pili nao haukupata sherehe ndefu. Country House alikuwa ameshinda mara moja tu kabla ya Derby. Baada ya siku ile afya yake iliyumba, na hakukimbia tena mbio hata moja. Mshindi wa Derby ambaye hakuwahi kuongoza kuvuka mstari siku ya Derby, na ambaye hakupata nafasi nyingine ya kuwanyamazisha wabishi. Gary West aliwahi kutoa changamoto ya dola milioni tano kwa kila mmoja wa wale wanne, Country House, War of Will, Long Range Toddy na Bodexpress, atakayemaliza mbele ya farasi wake watakapokutana, jambo ambalo kwangu lilifanana na mtu aliyeshindwa kesi anayeomba kupigana mwereka nje ya mahakama.

Mtazamaji wa Ngong

Mleta uzi, swali la mwisho kutoka kwangu. Wale waliosumbuliwa, hasa War of Will, walifanya nini baadaye?

Mkazi wa Louisville (mleta uzi)

Wiki mbili baadaye baadhi yao walikwenda Baltimore kwa mbio za Preakness, bila Country House na bila Maximum Security. War of Will alipangiwa tena mlango namba 1, ule ule wa Louisville ambao wengi huuogopa kwa sababu unakubana kwenye uzio. Gaffalione alimtuliza ndani kwa muda mrefu, nafasi ikafunguka karibu na uzio, safari hii hakuna aliyeifunga, akapita na kushinda. Tulikuwa saluni ile ile, na mwenye tiketi ya namba 7 alipiga makofi kuliko wote.

Bodexpress naye alikuwapo. Milango ilipofunguliwa alimwangusha mpandaji wake, John Velazquez, ambaye kwa bahati hakuumia, kisha akazunguka uwanja mzima pamoja na wenzake, bila mtu mgongoni, akipita alipotaka. Matokeo yalipotangazwa hakuhesabiwa, lakini alikuwa bado anakimbia, na mtu wa kumshika alipomfikia kwa farasi mwingine akamkwepa akaendelea na mzunguko wa pili. Kinyozi alisema huyo ndiye farasi pekee mwaka ule ambaye hakuna mtu angeweza kumwekea pingamizi.